Mama Mkwe Juu ya Mwamba wa Balili

Siku tuliyopanda mlima wa Balili naikumbuka vizuri kuliko siku niliyofungua duka langu la kwanza hapa Mwisenge, na duka lile nililifungua kwa jasho langu mwenyewe, sikupewa na mtu. Wiki hii imenirudia zaidi, mwanangu, tangu niliposikia kwamba wewe na wenzako mnakwenda Bunda kutembea mlimani, na kwamba mmekataa kuchukua mtu wa kuwaongoza. Mmesema simu inaonyesha njia. Sikutaka kukubishia mbele ya wenzako. Nimeona afadhali niandike, ingawa kalamu na mimi hatujazoeana. Shule niliiacha darasa la nne, hilo unalijua, na sijawahi kulionea aibu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwaga nabeba samaki kwa baiskeli kutoka mwaloni Musoma, mitumbwi inakoshusha, mpaka vijiji vya ndani huko, jua na mvua, na miguu yangu ilikuwa chuma. Nilijiona mwanaume aliyekamilika. Kilichobaki ni mke, na mke niliyemtaka alikuwa Nyangeta, mama yako. Posa nilikuwa nimeshaipeleka. Baba yake alikuwa amefariki, kwa hiyo neno lote lilikuwa kwa mama yake, Mama Nyangeta tulivyomwita, na yule mama alikaa kimya mwezi wa kwanza, akakaa kimya mwezi wa pili. Ndiyo, ni bibi yako yule yule aliyekulea. Ukimya wake nadhani unaujua.

Sasa uelewe desturi yetu, maana ninyi vijana wa mjini mnaisikia juu juu tu. Ukishapeleka posa, mama wa binti unamheshimu kama mkwe hata kabla hajakukubali. Mkikutana njiani unampisha. Huli mbele yake. Humtazami usoni, humshiki mkono, na kama una neno la kumwambia unalipitisha kwa mtu wa katikati. Na yeye hivyo hivyo kwako.

Jumatatu ya Pasaka watu wa jumuiya yetu tulikodi lori kwenda kutembea Balili. Akina mama walifunga samaki sato wa kukaanga na ugali wa mhogo. Mama Nyangeta alikaa mbele na binti yake na wenzake, mimi nikaning'inia nyuma kabisa, mgongo nimewageuzia. Tukapita njia panda ya kwenda Butiama bado nimesimama hivyo, shingo imekakamaa. Rafiki yangu mmoja akauliza kwa sauti ya watu wote kusikia: "Bwire, na mlima leo utaupanda kinyumenyume?" Lori zima likacheka. Nikaibia jicho nyuma, hata mabega ya mama mkwe niliyaona yakitikisika.

Chini ya mlima tulimkuta mtu wa kutuongoza. Mimi nilikuwa nategemea jitu lenye panga. Akaja bwana mmoja mdogo, mwembamba, shati amefunga kifungo mpaka shingoni, ameshika mwavuli. Aliitwa Magesa. Kazi yake alikuwa fundi cherehani, anashona magauni ya akina mama pale soko la Bunda, na siku za mapumziko ndiyo anapandisha wageni mlimani, maana alizaliwa kwenye miteremko yake. Nilicheka wazi. Nikawaambia wenzangu kwamba leo tutapimwa viuno. Alinisikia, akatabasamu, akasema shikamoo kwa wazee waliokuwepo, mmoja mmoja, akatuelekeza tutangulie.

Hapo ndipo aliponichefua zaidi. Mtu ameitwa kuongoza, halafu anatembea nyuma. Alikuwa wa mwisho kabisa, pembeni ya Mama Nyangeta, na kila baada ya kitambo kidogo anaita tusimame. Mara kuna mti ambao gome lake wazee walikuwa wanawatibia ng'ombe kikohozi. Mara kuna tundu la pimbi, tuangalie kinyesi chao kilivyoupaka mwamba rangi nyeupe. Mara kuna mawe yaliyopangwa, hapo zamani watu walifichaga mifugo wakati wa uvamizi. Anaeleza taratibu, anauliza maswali, anasubiri majibu. Mimi nimesimama juu huko, miguu inawasha.

Ilinichukua miaka, mwanangu, kuelewa alichokuwa anafanya. Kila aliposimama ilikuwa ni wakati pumzi ya mama mkwe imefupika. Alikuwa anaisikiliza ile pumzi. Hakuna hata mtu mmoja aliyejua kwamba mama amechoka, na nafikiri mwenyewe hakujua. Alidhani anasikiliza habari za pimbi. Mimi nimeajiri watu wengi maishani, wengine wana vyeti vya kujaza sanduku, na sijapata mtu wa kumheshimu mwenzake kwa akili namna ile.

Lakini siku ile sikuwa na macho ya kuona hayo. Kwenye kituo cha nne nikasema kwa sauti kwamba mimi nimechunga mifugo kwetu Bukima, nimepanda vilima tangu sijaota meno yote, na mbuzi wangu walikuwa na mwendo kuliko huu. Upande wa kushoto kulikuwa na njia nyembamba iliyonyooka juu kwenye mawe. Nikasema anayetaka kufika leo anifuate. Magesa akajibu bila ukali kwamba njia ile ni ya mbuzi kweli, na alfajiri mvua ilinyesha. Nikamwambia arudi kwenye magauni yake. Vijana wawili wakanifuata mbio, wakanipita, wakapotea juu. Nyuma yangu nikasikia kokoto zinateremka. Nikageuka. Aliyekuwa ananifuata ni Mama Nyangeta, peke yake, kanga ameikaza kiunoni.

Baadaye sana alimwambia mama yako kwamba alinifuata makusudi. Alitaka kuona kijana anayemtaka binti yake anampeleka mtu wapi.

Basi nilimpeleka kwenye mwamba. Jiwe moja kubwa, limelala kama paa la nyumba, lina unyevu, lina ukungu wa kijani kwenye mikunjo. Mimi nililipita kwa kasi sikuona tabu. Yeye alifika katikati, mguu ukateleza kidogo tu, akapiga magoti. Akataka kupanda, akashindwa. Akataka kushuka, akaangalia chini, akafumba macho. Upande wa kulia jiwe lilikatika na chini yake kulikuwa na majabali. Mama yule alizaliwa kisiwani, Rukuba, watu wa maji. Ziwa likichafuka anaimba, lakini jiwe chini ya miguu yake halijui.

Nilikuwa hatua tatu juu yake. Nikiinama na kunyoosha mkono, namfikia. Mkono wangu ukabaki pale pale ubavuni. Nikimshika nimeivunja heshima, na nikiivunja heshima posa imekufa, maana atasema kijana huyu hana mwiko. Nisipomshika, akiteleza, posa ni nini tena? Akafumbua macho akanitazama, nami nikamtazama, uso kwa uso, jambo ambalo nalo halikuruhusiwa. Sijawahi kuogopa vile, si kwa mamba, si kwa polisi. Nikafungua mdomo nikamwita yule fundi niliyekuwa nimemtukana. Nilimwita kama mtoto anavyomwita baba yake.

Alikuwa ameshafika. Alipoona tu mama ameacha njia, aliwaketisha wengine chini ya miti akaja. Alitokea upande wa chini, mwavuli ameuacha, viatu amevua. Kwangu hakuangalia hata kidogo.

"Mama," alisema, "nimeambiwa wewe ni mtu wa visiwani."

Mama akaitikia kwa shida kwamba ni wa Rukuba.

"Mimi mtumbwi unanitishaga sana. Hebu nifundishe. Ukiingia, unaanzaje usikupindue?"

Mama akaacha kutazama chini. Halafu sauti ikatoka, ya mtu anayeulizwa kitu anachokijua: "Unakanyaga katikati. Unachuchumaa, uzito wote uende chini. Mguu wa kwanza ukishatulia ndiyo unauvuta wa pili."

"Na ukikurupuka?"

"Utaogelea, baba."

"Basi huu ni mtumbwi, mama. Ingia kama unavyoingiaga."

Akaweka kiganja chake juu ya jiwe, kimefunguka, akamwambia akanyage hapo hapo. Mama akachuchumaa. Akashusha mguu, akaukanyaga mkono wa yule fundi, mkono anaoshikia sindano. Akatulia, akavuta mguu wa pili. Kiganja kikasogea chini, mguu ukafuata. Hivyo hivyo mpaka wakafika kwenye majani. Kumbe ujuzi wa kushuka mama alikuwa nao tangu utotoni. Magesa alimkumbusha tu mahali alipouweka.

Waliporudi kwa wenzao, mimi nyuma yao, watu wakauliza kulikoni. Magesa akasema mama alitaka kuuona ule mwamba kwa karibu. Basi, habari ikaishia hapo. Hakuniaibisha, na sababu ya kuniaibisha alikuwa nayo.

Tukafika juu, wale vijana wawili tukawakuta wametangulia. Mwanangu, pale juu mimi siwezi kukueleza vizuri, maneno yangu ni ya sokoni. Magesa alitukalisha wote tumeelekea mashariki, akatukataza kugeuka. Mbele yetu mbuga ya Serengeti imelala mpaka macho yanakoma, ya njano na ya kijani, vivuli vya mawingu vinatembea juu yake. Alipoona tumeshiba, akasema sasa geukeni. Nyuma yetu lilikuwepo ziwa. Sisi tulizaliwa ndani ya ziwa lile, tunakula humo, tunazikana kwa ajili yake, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliona lote kwa pamoja namna hiyo, limetulia, linang'aa kama bati jipya. Akina mama wengine walilia. Mama Nyangeta alisimama muda mrefu, mkono juu ya macho, anatafuta upande wa kwao.

Watu walipoanza kula nilikaa mbali, kwa desturi na kwa aibu. Magesa akanifuata na kipande cha sato mkononi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umechubuka.

"Bukima ulikuwa unachunga ng'ombe au mbuzi tu?"

Nikamwambia wote.

"Wakati wa kuchunga ulikuwa unakaa wapi? Mbele?"

"Nyuma."

"Kwa nini?"

Jibu nililijua tangu nina miaka saba, lakini siku ile lilitoka kama nang'olewa jino: "Ili nimwone anayechoka."

Akanikabidhi yule samaki. Akaniambia nile, safari ya kushuka ni ndefu. Hakuongeza neno, na mpaka leo ninamshukuru kwa yale ambayo hakuyasema.

Kabla hatujaanza kushuka, Mama Nyangeta akamwita Magesa, akasema naye huku mimi nimesimama pale pale nasikia yote, kama desturi inavyotaka.

"Mwambie huyo kijana nina swali lake moja. Pale kwenye jiwe, kama wewe usingetokea, angeninyooshea mkono au asingeninyooshea?"

Magesa akanigeukia. Mama yako alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, amekunja ncha ya kitenge mkononi. Nilikuwa na uongo wa aina mbili tayari mdomoni, wa kwanza unaonyesha heshima, wa pili unaonyesha ujasiri. Nikauacha wote.

"Mwambie mama sijui ningefanya nini," nilisema. "Ila kosa langu lilianza kabla ya pale. Nilimpeleka mahali ambapo siwezi kumsaidia, nikakataa kumsikiliza mtu anayepajua. Sikupaswa kumfikisha kwenye jiwe lile."

Yule mama alifunga kanga yake, akasema kwa Magesa: "Mwambie abebe masufuria, ashuke wa mwisho."

Nikabeba. Nikashuka nyuma ya watu wote. Na ukiwa nyuma, mwanangu, unaona mengi. Nilimwona mzee anayeficha kwamba goti linamsumbua. Nilimwona mama yako akigeuka mara tatu kuangalia kama bado nipo. Nilimwona Magesa akisimamisha watu kuwaonyesha ua ambalo, naapa, halikuwa na cha ajabu chochote, na pembeni yake yule mzee wa goti akapata kukaa.

Chini kwenye lori, mama mkwe alipokuwa anapandishwa, akamwambia Magesa neno la mwisho, bila kugeuka upande wangu.

"Mwambie wazee wake waje nyumbani Jumamosi."

Ndivyo nilivyopata mke. Magesa tulimkaribisha kwenye harusi, akaja na gauni la bibi harusi alilolishona mwenyewe, na urafiki wetu ulidumu mpaka alipotutoka.

Sasa nisikilize. Simu yako inajua njia ilipo. Haijui kwamba alfajiri mvua ilinyesha, wala haisikii pumzi ya mwenzako. Nendeni Bunda mkatafute mtu wa pale, aliyezaliwa pale, na msimpime kwa umbo wala kwa nguo wala kwa kazi anayofanya siku nyingine. Mkishampata, mtiini, hata miguu ikiwasha. Na wewe ambaye una nguvu kuliko wenzako, kaa nyuma. Hata kesho ukiwa na watu wako wa kazi, ukiwa na mke na watoto, usiwapitishe mahali ambapo wakikwama huna mkono wa kuwapa. Ukikosea, na utakosea kwa sababu wewe ni damu yangu, sema umekosea wapi, usitafute uongo mzuri.

Mungu awape miguu myepesi na jiwe kavu. Awakutanishe na mtu mwema pale chini. Mkifika juu mkae, mle, mlitazame ziwa letu mpaka mtosheke, kisha mshuke taratibu, na mfike nyumbani kwangu wote, idadi ile ile mliyoondoka nayo. Amina.