Fungate Niliyoigeuza Mazoezi ya Mbio

Kosa langu la kwanza lilikuwa kujiandikisha kwenye mbio kabla sijamwambia mke wangu tunakwenda wapi kwenye fungate. Nilikuwa nimekwisha kuchagua hata soksi. Ndipo nikamwendea na uso wa mapenzi nikamwambia, "Nakupeleka Kigali." Alifurahi mno hata nikaona aibu kidogo. Ya kutosha sikuwa nayo wakati ule.

Nitamwita Zuhura, ingawa si jina lake. Amezaliwa Kolo, kule Kondoa kwenye michoro ya mapangoni. Utoto wake wote aliwaona wageni wakishuka kwenye magari, wakipanda kutazama miamba ya kwao, wakiondoka. Baba yake ndiye aliyekuwa akiwaongoza. "Sisi tumetazamwa tangu nizaliwe," aliniambia. "Nataka na mimi niende kwa watu nikatazame." Alitaka kitu kimoja tu huko Rwanda: kuliona Ziwa Kivu. Nikamwahidi.

Mimi naishi Kikuyu, hapa Dodoma mjini. Natengeneza kompyuta, kazi niliyojifundisha mwenyewe, na kukimbia nako nilijifundisha kwa kutazama video kwenye simu. Anayejifundisha mwenyewe hana mwalimu wa kumwambia sasa inatosha. Nikikimbia taratibu kidogo tu kuliko jana, silali. Watalii nilikuwa nawadharau, watu wa kusafiri mbali ili wakapigwe picha wamesimama. Nilijiona msafiri mwenye sababu. Nilikuwa mpumbavu mwenye ratiba, basi.

Habari za mbio nilimwambia tukiwa ndani ya basi, tumekwisha kupita Singida, mahali ambapo hawezi kushuka.

"Nusu marathoni?" akauliza. "Kwenye fungate yangu?"

"Ni asubuhi moja tu, mke wangu."

"Na mimi nitafanya nini? Nishike chupa?"

Ndiyo hasa kazi niliyokuwa nimempangia. Chupa ya maji, na simu ya kunipiga picha nikimaliza.

Akacheka. "Haya bwana. Mume nimempata."

Wakati huo alikuwa bado anacheka.

Nilibeba unga wa uwele kutoka nyumbani, eti tumbo lisishtuke na chakula cha ugenini. Tulipofika Kigali, bibi harusi, hina bado mikononi, akaomba jiko kwa mama mwenye nyumba ya wageni ili ampikie mume uji. Nikaunywa, nikalala, miguu nimeiegemeza ukutani ipumzike. Huyo ndiye bwana harusi aliyepewa binti wa watu.

Siku tuliyopanga kwenda ziwani ilikuwa ile ya kuamkia mbio. Nikawaza kukaa ndani ya basi, miguu kuvimba, kazi yangu yote kuharibika kwa sababu ya maji ya kutazama. Nikatoka nje kidogo, nikarudi nikamwambia nimeulizia stendi: mvua imeporomosha mlima, njia ya ziwani imefungwa. Stendi yenyewe sikufika. Niliyasema hayo kwa sauti ya huzuni, nayo ilinitoka vizuri mno. Yeye ndiye aliyenifariji. "Usijali, Mungu akipenda tutakuja tena."

Kesho yake nikakimbia. Mimi nimezoea tambarare yetu, ambapo adui ni upepo na vumbi tu, na kwa ujuaji wangu wote sikuwahi kujiuliza Kigali kukoje. Ni kilima juu ya kilima. Hata nusu ya njia sijafika, paja likakaza. Nikamaliza kwa kuchechemea, nikipitwa na wazee wawili waliokuwa wakipiga soga. Mwishoni nikamtafuta mke wangu. Hakuwepo. Nikakasirika. Ndiyo, mimi ndiye niliyekasirika.

Alirudi jioni, uso umeiva kwa jua. Asubuhi, alipokwenda kurudisha sufuria, alimsimulia mama mwenye nyumba habari za mlima ulioporomoka. Mama yule, kwa Kiswahili chake cha Kikongo, akamshangaa: "Mulima gani, binti? Njia iko muzuri, basi zinapita." Akamwelekeza stendi.

"Umekwenda ziwani na nani?" nikamuuliza.

"Na macho yangu."

Hakugomba. Safari nzima ya kurudi hakugomba, na mimi, kwa akili zangu, nikadhani yamekwisha.

Desturi ilitutaka twende Kolo kuwaamkia wakwe. Tukala, tukanawa, kisha baba mkwe akanigeukia. "Haya mkwe wangu. Maisha yangu yote nimewasimulia wageni. Leo nisimulie wewe. Hilo ziwa likoje?"

Hapo ningeweza kusema kweli. Lakini mtu wa aina yangu anaona afadhali aongope mara mia kuliko aonekane amekosea mara moja. Nikasimulia. Maji ya buluu, visiwa, sisi wawili tumekaa ukingoni tunakula samaki. Yote niliyatoa kwenye picha za mtandaoni. Mama mkwe alikuwa akitabasamu. Zuhura aliniacha nimalize.

"Baba," akasema, "huyu hakuwepo. Na asubuhi yote kulikuwa na ukungu. Visiwa nilivisubiri mpaka mchana."

Kisha akaeleza yote, kuanzia mlima.

Baba mkwe hakuinua sauti. "Uongo wa safarini ulikuwa wenu wawili," aliniambia. "Huu umekuja kuusemea nyumbani kwangu, mbele ya mwanangu anayejua ukweli. Yeye atabaki hapa kwanza. Wewe nenda kakimbie."

Nikarudi Kikuyu peke yangu. Majirani walipouliza bibi harusi yuko wapi, nikasema anamuuguza mama yake. Mama yake alikuwa mzima kuliko mimi.

Kijana mwenzangu unayeficha mazoezi yako ndani ya safari ya mtu mwingine, nakujua. Kama unakwenda kukimbia, sema unakwenda kukimbia, na uende peke yako. Usimgeuze mtu kuwa mshika chupa halafu ukasema ni mapenzi. Mimi watu wa aina yangu siwaonei huruma, nanyi msinionee.

Zuhura alirudi baada ya mavuno, nilipokwisha kwenda Kolo na mjomba wangu kuomba radhi mbele ya wazee. Tunaishi vizuri kiasi. Safari siku hizi anapanga yeye, nami huambiwa zikiwa zimekwisha kupangwa. Nyingine huwa ni za kwake peke yake.