Juu Kwetu, Chini kwa Serikali

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu nawasalimu. Mwenye gazeti, nakuomba ulifiche jina langu, maana akida wetu anajua kusoma.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na moja, wa huku juu Uluguru. Kuandika nilifunzwa misheni, kidogo tu, mtanisamehe. Mume wangu yuko safarini na mizigo ya watu. Nina mtoto mchanga mgongoni. Wa kwanza, binti wa miaka miwili, homa ilimchukua mwaka jana. Tulimzika shambani, kwenye ardhi ya ukoo wa mama yangu. Kaburi lilipochimbwa yakatoka mabamba ya ulanga, yale mawe membamba yanayong'aa kama kioo. Nikayapanga juu yake, ili nikiwa nalima nimwone.

Basi akapita Mdachi mmoja na akida. Alipofika kaburini akavua kofia. Nikasema moyoni, huyu naye ni mzazi. Akaniuliza vinavyong'aa nimevitoa wapi. Nikamjibu kwa adabu, "Hapa hapa, bwana, tulipochimba." Ndugu zangu, mimi ndiye niliyesema.

Mwezi haujaisha, akida amerudi na vigingi vya kuwekea mipaka. Anasema ulanga unatakiwa Ulaya kwenye mitambo, mataifa yanaugombania, kwa hiyo Serikali imeutwaa wote na itauchimba kwa kampuni yake yenyewe. Mjomba wangu, mkubwa wa ukoo, akauliza, "Na shamba letu?"

"Kwani nani kawanyang'anya? Limeni! Juu kwenu, chini kwa Serikali."

Nikasema, "Akida, mwanangu yumo humo."

Akawageukia askari wake. "Hebu mwulizeni, yuko juu au yuko chini?" Wakacheka wote. Mjomba naye alitabasamu, nilimwona.

Nimepewa mpaka Ijumaa nimtoe mwenyewe, askari akisimamia nisije nikaondoka na ulanga. Nisipomtoa, vibarua watamtoa kwa sululu. Mama yangu hataki, analia, "Maiti hazikwi mara mbili." Mjomba ananinong'oneza ninyamaze, kumbe ameahidiwa unyapara. Nimemwambia, shikamoo nitakupa, mjomba, lakini kunyamaza sitanyamaza.

Nimechoka, ila jembe ninalo. Nitamfukua kwa mikono yangu, mwingine asimguse. Lakini vigingi vimefika hadi mtoni, na ng'ambo ya mto wanasema ni msitu wa Serikali. Ninyi mnaozijua sheria, nishaurini: mwanangu nimlaze wapi, nisije nikamfukua tena?