Goti la Mtumba

Kaka yangu Polycarp hajawahi kucheza mpira wa aina yoyote. Naanza na hilo kwa sababu ukimsikia akiongea utadhani alistaafu juzi. Ni mfupi, mwembamba, na upepo wa Machi wa Toronto ukivuma hushika nguzo ya kituo cha basi kwa mikono miwili. Lakini mwulize ni kijana gani wa chuo kikuu anayefaa kuchukuliwa na timu ipi, uone mtu anavyorefuka.

Mpira wenyewe ni ule wa helmeti na mabega ya plastiki. Sisi wa Songea tulipouona mara ya kwanza tulidhani watu wanagombana kwa zamu. Kaka aliangukia huko mwaka 2004. Alikuwa amepata kazi ya kufundisha hisabati sekondari, na mwalimu mwenzake akamweleza habari za drafti. Si ile drafti ya vizibo vya soda. Hii ni siku moja kila Mei, timu za kulipwa zinapokaa na kuchagua wachezaji wapya kutoka vyuoni, zamu kwa zamu, na timu iliyoshika mkia ndiyo inayoanza kuchagua.

"Clementina!" alinipigia simu siku hiyohiyo, anahema kama aliyekimbizwa. "Umewahi kusikia wapi wa mwisho anapewa nafasi ya kwanza?"

Sikuwahi kusikia, na nilijua kwa nini jambo hilo limemwingia. Kwetu, enzi zetu, kuchaguliwa maana yake ilikuwa moja tu: kufaulu mtihani wa darasa la saba na kwenda sekondari. Mwaka wa Polycarp walichaguliwa wawili shule nzima, naye alikuwa mmoja wao. Mwaka wangu hakuchaguliwa mtu. Baba alimchinjia yeye mbuzi, mimi akaninunulia cherehani. Sina kinyongo, maana cherehani ndiyo iliyonilea, na leo nina duka la mapazia Parkdale. Lakini kaka alitoka pale akiamini kwamba aliyechaguliwa amestahili, na akichaguliwa halafu akashindwa, amewatia aibu wote waliompigia makofi. Imani hiyo aliihamishia kwenye mpira wa helmeti, na huko ikanenepa.

Basi kila Jumamosi inayofuata drafti, sebule yake kule Richmond Hill inageuka darasa. Wanakuja Watanzania wenzake, saba, wanane, na kila mwaka hawakosi wawili: Shaukat, mhasibu kutoka Tanga, jirani yake wa mtaa wa pili, na Thobias, anayefanya kazi benki na ana sauti ya kuuza samaki mnadani. Polycarp anasimama mbele ya televisheni na kuzigawia timu ripoti kama za shule: Amejitahidi. Aongeze bidii. Arudie darasa. Kazi ya wengine ni kubisha, na wanabisha kweli! Nimewahi kuona watu wazima wenye rehani za nyumba wakirushiana mito ya kochi kwa sababu timu fulani imechukua mpiga teke kwenye raundi ya kwanza.

"Mpiga teke ni pointi!" Thobias anafoka.

"Pointi gani bila ukuta?" Shaukat anasimama juu ya zulia. "Chukua majitu ya mbele kwanza, yale manene. Bila wabeba ukuta, huyo mpiga teke wako atapiga teke akiwa hospitali!"

Nami nisijifanye mtakatifu. Nakwenda na sambusa, lakini nakwenda kwa ajili ya kelele hizo. Mwanamke aliyeshinda wiki nzima akipima mapazia ya watu wasiojua wanataka rangi gani anahitaji mahali pa kupiga meza.

Sasa, mwaka 2014 timu yetu ya hapa mjini ilimchukua mkimbiaji mmoja, kijana wa Rexdale, mwenye jina la ukoo la upande wa Kongo. Polycarp alilia machozi. Alimpa alama ya juu kabisa, ambayo hajawahi kumpa mtu kabla wala baada, akazunguka shuleni kwake na kanisani kwetu akitangaza kwamba mtoto wa kwetu amechaguliwa. Kijana alicheza mechi chache, goti likafyatuka, na msimu uliofuata timu ikamwacha.

Walimcheka kaka yangu, jamani. Thobias alimcheka hadi akakohoa. Polycarp, ambaye hachekwi akanyamaza, akaona heri awe yeye wa kwanza kucheka. Akambatiza yule kijana Goti la Mtumba. Alisema timu imenunua goti lililokwisha kutumika, tena bila kulijaribu dukani. Akaongeza na maigizo: anavuta mguu, anachechemea kutoka televisheni hadi mlango wa jikoni, anashika kiuno, anamlilia daktari. Watu wakawa wanakuja kwa ajili ya hilo. Kila Mei lazima liombwe, na kila Mei lilikuwa refu kuliko la mwaka uliopita.

Ndipo, majira ya baridi ya mwanzoni mwa 2018, Wema, binti yake pekee, alipokuja dukani kwangu akafunga mlango nyuma yake.

"Shangazi, nimepata mtu."

Nilirusha mkasi. Nikamkumbatia, nikamzungusha kati ya vitambaa. Wema alikuwa na miaka ishirini na mitano, muuguzi kama mama yake, na mimi nilishaanza kuchoka kuulizwa ataolewa lini.

"Anaitwa Brice. Fundi umeme. Mama yake ni Mama Goretti, wa Uvira, wanakaa Rexdale. Mama yangu ameshamwona, amempenda." Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaanza kung'ata kucha. "Shangazi, the thing is... ndiye yule. Goti."

Nikaokota mkasi wangu, nikauweka mezani. Aliniambia wanapendana mwaka mzima, na mwaka mzima amemficha. Yeye hawezi kuolewa na mtu ambaye Polycarp anamwigiza kwa kuchechemea mbele ya wageni, wala hawezi kuolewa bila baba yake. Alilia sana juu ya kitambaa cha mteja. Nikamwacha alie, kitambaa kingefuliwa.

Tukapanga, mimi, yeye na wifi yangu. Polycarp huwa na furaha kuliko siku zote Jumamosi ya ripoti. Brice aje siku hiyo kama rafiki, kwa jina lake la kwanza. Uso wake kaka hakuujua, maana hawa watu huonekana helmeti tu, na tangu aache mpira alikuwa amefuga ndevu na kunenepa mashavu. Ampende kwanza, halafu tumwambie. Na ile ya goti nitaizuia mimi. Nilijiamini kupita kiasi.

Jumamosi ilipofika, wifi alikuwa zamu hospitalini. Brice alikuja na katoni ya soda begani, mrefu, mpole, anainama kila mlango. Polycarp alimpenda kabla hajakaa. Ndani ya dakika tano walikuwa wameshabishana kuhusu mlinzi mmoja wa kutoka vyuo vya magharibi, Polycarp anasema ni bora, Brice anasema mabega yake hayageuki haraka, na wakarudisha mkanda mara tatu kuyatazama hayo mabega.

"Hayageuki!" Polycarp akapiga paja lake. "Shaukat, njoo uone, mabega hayageuki! Kijana huyu ana macho! Wema, umemtoa wapi mtu huyu?"

Wema alinitazama macho yanang'aa. Sebule nzima ilikuwa inapiga kelele, timu ya pili kutoka mwisho ilikuwa inapewa Arudie darasa, Thobias amepanda juu ya stuli kuitetea, sambusa zinakwisha, nami nikasema moyoni, tumeshinda.

"Mwalimu!" Thobias akaita kutoka kwenye stuli. "Goti! Hatujapata Goti!"

"Leo tuache," nikadakia. "Chakula kinapoa."

"Kipoe!" wakasema wote.

Nilimshika kaka mkono, akauchomoa. Alikuwa na mgeni mpya mwenye macho, angekosaje kumwonyesha kilicho bora? Akavuta mguu. Akaanza kuchechemea kutoka kwenye televisheni, polepole, akiugulia, na mwaka huo aliongeza kipande kipya ambapo goti linazungumza na timu na kuomba lirudishwe sokoni. Shaukat alikuwa ameshika tumbo. Thobias alishuka kwenye stuli kwa kuogopa kuanguka. Wema alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mkono mdomoni, na kaka yangu akamchechemea hadi miguuni pake asimwone.

Nilitamani kumpiga na sahani. Nasema kweli, niliichagua na sahani.

"Sasa wewe," Polycarp akamgeukia Brice, mguu wake bado ameupinda, anahema kwa raha. "Wewe mwenye macho. Ungemchagua yule?"

Brice aliweka sahani yake chini. "Hapana, papa. Singemchagua."

Wakashangilia! Polycarp akainua mikono juu. "Sababu! Tupe sababu!"

"Goti lilikuwa linauma tangu chuo. Timu haikujua. Mimi nilijua."

"Ulijuaje?"

Brice akapandisha suruali ya mguu wa kulia. Kovu lilianzia chini ya goti likapanda hadi pajani, jeupe, limepinda. "Ni hili."

Hakuna aliyecheka. Kwenye televisheni watu waliendelea kuongea, hadi Shaukat akainuka taratibu akaizima.

"Ulikuwa na haki, Mwalimu," Brice akasema, bila ukali hata chembe, na hilo ndilo lililoniumiza. "Ilikuwa chaguo mbaya. Lakini mama alikuwa ameshaita immeuble yote, watu wa kila ghorofa, wanapiga ngoma kwenye korido. Ningemwambia nini? Nikanyamaza, nikafunga bandeji, nikaenda." Akashusha suruali. "Hii ya kuchechemea nimeshaiona. Kwa Malek, kinyozi wa Rexdale. Nilikuwa kiti cha pili, ananinyoa. Ulikuja kunyolewa, ukachechemea kutoka kwenye kioo hadi mlangoni. Malek alisimamisha mashine, mi nikamwambia endelea."

"Ulifanyaje?" Polycarp aliuliza.

"Nilicheka na wengine, papa. Unachechemea vizuri kuliko mimi."

Kaka yangu alikuwa bado amepinda ule mguu. Nadhani alikuwa amesahau ni wake. Aliunyoosha, akatazama kwenye mlango wa jikoni, na alipomwona binti yake analia bila sauti, akaelewa huyu mgeni ni nani nyumbani kwake. Nilijua atakalofanya. Namjua tangu tukiwa watoto: akikosea hupandisha sauti. Nikajiandaa kusimama kati yao.

Akavuta stuli ya Thobias, akaketi mbele ya Brice, karibu kabisa, kichwa chake kikaishia kifuani mwa yule kijana.

"Linauma mpaka sasa?"

Miaka minne alikuwa ameliongelea goti lile, ameliigiza, amelipa jina, na swali hilo hakuwahi kuliuliza yeye wala mwingine yeyote kati yetu tuliokuwa tunacheka. Mimi nikiwemo, maana kabla ya Wema kuja dukani nilikuwa nacheka kama wote.

"Baridi ikiingia," Brice akajibu. "Na nikipiga magoti kufunga waya za chini. Jioni linavimba."

"Na unafanyaje?"

"Wema ananiwekea barafu."

Polycarp akatikisa kichwa, akatikisa tena. Machozi yalikuwa yanamshuka hadi kwenye kola na hakuyafuta. Kisha akageuka kwa ghafla na ile sauti yake ya darasani ikarudi.

"Wema, unasimama tu? Mletee mumeo mto, aegemeze mguu!"

Nilipiga kigelegele ambacho naamini kilisikika hadi barabara kuu. Shaukat alimkumbatia Thobias, Thobias akamkumbatia Brice, mito ikatoka pande zote za sebule, kila mtu anataka wake ndio uwekwe chini ya lile goti. Wema hakuleta wowote. Alikuwa amemwangukia baba yake shingoni, nusura stuli iwamwage wote wawili.

"Clementina," kaka akaniita kutoka ndani ya nywele za bintiye, "una namba ya mama yake huyu kijana? Mpigie. Nataka kumwomba mwanawe."

Nikamkumbusha kwamba kwa mila zetu, na za Uvira pia, wanaokuja kuomba ni wao.

"Najua," akasema. "Mpigie."