Itisha Kisicho Ubaoni

Kimeli arap Chumo alirudi Kapkatet mwaka wa 1995 akiwa na sanduku moja, makoti matatu meupe yenye vifungo vya kung'aa, na mazoea ya kusimama na mkono mmoja nyuma ya mgongo hata akiongea na ng'ombe. Kwa miaka sita alikuwa weita kwenye meli ya watalii, zile kubwa kama mtaa, zinazozungusha wazungu wastaafu baharini na kuwalisha mara tano kwa siku. Watu hawakukawia kumwita Kimeli wa Meli.

Mke wake Sally alifurahi kumpata nyumbani. Kilichomsumbua ni sheria moja ambayo mumewe alirudi nayo. Kule melini, mteja akitaka chakula ambacho hakiko kwenye menyu, weita hasemi hakuna. Anainama kidogo na kusema, "Nipe mpaka kesho jioni." Kesho jioni chakula kinakuja.

Kimeli aliiamini sheria hiyo kwa sababu aliiona ikifanya kazi. Bibi mmoja wa Kijerumani aliyekuwa akikaa meza yake alichoka na samaki wa mchuzi mweupe, akamuuliza kwao wanakunywa nini. Kimeli akamweleza habari za mursik, maziwa yanayolazwa ndani ya kibuyu kilichopakwa mkaa mpaka yanageuka rangi ya majivu. Bibi akasema aletewe hiyo hiyo. Mpishi mkuu, Mfilipino mfupi asiyecheka, hakuwa na kibuyu wala mkaa. Alichukua maziwa mala, yale ya kuganda, akachoma mkate hadi ukawa mweusi tititi, akausaga ndani. Bibi alimaliza glasi mbili na kuwaambia wenzake. Kabla ya bandari iliyofuata, watu arobaini walikuwa wanaitisha mursik, kila mmoja akilitamka jina hilo kivyake, na Kimeli alikuwa amepewa barua ya pongezi yenye muhuri.

Kwa hivyo alipofungua hoteli yake karibu na soko la Kapkatet, aliandika ubaoni kama wengine wote: chai, mandazi, chapati, ugali sukuma, ugali nyama, githeri. Halafu chini kabisa, kwa herufi kubwa, akaongeza: KAMA HAIKO HAPA, ITISHA. TUTAPIKA.

Sally alitoka jikoni akipangusa mikono, akausoma ubao mara mbili.

"Baba Chebet, kule melini nani alikuwa anapika?"

"Wapishi. Walikuwa sitini na wawili."

"Na hapa?"

"Hapa ni wewe."

"Na mimi ni wangapi?"

Kimeli alisema wateja wa kwanza hawawezi kuwa wengi, akaenda kunyoosha kitambaa cha meza.

Wiki mbili hivi hakuna aliyeitisha chochote kisicho ubaoni. Watu walifikiri ni mtego. Aliyevunja ukimya ni Joram, Mkikuyu aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo ya barabara, mtu aliyependa mzaha kuliko kulala. Alikaa, akausoma ubao, akauliza, "Ati naweza kuitisha kitu yoyote?"

"Yoyote, mzee."

"Basi mimi nataka njahi. Imepikwa na ndizi, vile mama yangu alikuwa anapika."

Kimeli aliinama. "Chaguo zuri sana. Nipe mpaka kesho jioni."

Njahi, yale maharagwe meusi ya Wakikuyu, haikuwepo Kapkatet. Ilibidi itafutwe mpaka Kipkelion, kwa mama mmoja wa Kikuyu aliyekuwa anaipanda kwake, na Sally akakaa asubuhi nzima akiichemsha na kulaumu ukoo mzima wa mumewe. Joram alikula akamaliza, halafu akasema kwa sauti ndogo kwamba ilikuwa karibu sana na ya mama. Angeachia hapo, hadithi ingeishia hapo. Lakini kesho yake alirudi na wazo lingine. Alitaka kumsikia Kimeli akisema hakuna, hata mara moja tu.

"Leo nataka samaki," akasema. "Mzima, na kichwa chake. Lakini asiniangalie."

Samaki alikuja amefunikwa macho kwa vipande viwili vya nyanya, kama miwani. Hoteli nzima ilisimama kumtazama. Siku iliyofuata Joram aliitisha chapati ya mraba, akisema za mviringo amezichoka. Sally alisukuma unga kwa chupa ya soda, akakata kingo kwa kisu, na chapati ikatoka na pembe nne kama bahasha. Joram aliikagua kila upande, akaikunja akaila.

Baada ya hapo mlango ulifunguka. Mwalimu Bogonko wa sekondari alitaka matoke kama ya kwao Kisii, na akawa anatuma wanafunzi wenzake wa zamani waje kuonja. Karani wa kituo cha kununua majani ya chai alitaka githeri iliyolala, mahindi na maharagwe ya jana, akasisitiza isipashwe moto. Katekista alitaka yai ambalo halijaiva lakini pia si bichi, na alipoulizwa ni lipi hilo, akasema atalijua akiliona. Alirudisha mayai matatu. Siku za bonasi ya chai ndizo zilizokuwa mbaya zaidi, maana kila mkulima aliingia akiwa na pesa mfukoni na hamu ya kitu ambacho hajawahi kukila.

Na wakati wote huo Kimeli alikuwa mbele, koti jeupe, kitambaa mkononi, akisema, "Chaguo zuri sana." Sally alikuwa nyuma kwenye moshi. Jiko lilikuwa la kuni na dirisha lake lilikuwa dogo kama kitabu cha nyimbo. Jioni alikuwa anatoka macho mekundu, na mumewe alikuwa anamsomea yale wateja waliyoitisha ya kesho.

Siku ya yai la katekista, Sally hakusema kitu. Kimeli baadaye alikiri kwamba hapo ndipo angepaswa kuogopa.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya soko, na hoteli ilijaa. Saa saba mchana Sally alivua aprani, akanawa uso, akavaa gauni lake la kanisani lenye maua ya samawati. Akatoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka, akaingia kwa mlango wa mbele. Alikaa kwenye meza ya dirishani, karibu na Joram aliyekuwa akila nyama, akaweka mkoba wake kando.

Kimeli, kwa mazoea, alishainama kabla hajaona ni nani. "Karibu, mama." Halafu akaona. "Mama Chebet! Kuna watu kumi na nne wanangoja chakula."

"Hata mimi nangoja."

Aliusoma ubao polepole kutoka juu, akifuata kwa kidole hewani, mpaka akafika mwisho.

"Nataka kitu ambacho hakiko hapo."

Vijiko vilianza kunyamaza, kimoja kimoja.

"Nataka ugali na isagek," akasema Sally, akitaja zile mboga chungu za kienyeji. "Imepikwa na mtu anayeitwa Kimeli."

Joram aliweka mfupa chini. Hakuna mzee wa Kikipsigis aliyekuwepo pale aliyekuwa amewahi kuona mwanamume mwenye boma lake akisonga ugali, na wawili walianza kukohoa.

Kimeli alijaribu kutabasamu. "Chaguo zuri sana. Nipe mpaka kesho jioni."

"Kesho ni Jumapili. Hoteli imefungwa."

"Mama Chebet, tafadhali..."

"Hapa mimi ni kastoma," akasema Sally, akaelekeza kidole kwenye herufi kubwa za chini. "Hiyo ni mwandiko wako ama si wako?"

Kimeli aliangalia ubao, akamwangalia Joram ambaye uso wake ulikuwa umejaa raha, akaingia jikoni na koti lake jeupe.

Ukweli ni kwamba katika miaka sita ya meli, Kimeli hakuwahi kupika hata yai. Kule kulikuwa na mstari mwekundu sakafuni. Maweita walisimama upande huu, chakula kikasukumwa kutoka upande ule. Sasa alikuwa upande ule, peke yake. Aliketi kwenye kigoda cha Sally ili apulize moto, na moshi wote ukamjia usoni. Alihamisha kigoda kushoto, moshi ukahamia kushoto. Alisimama, akakuta moshi ulikuwa umetangulia juu.

"Unatanguliza maji ama unga?" Joram akapaza sauti kutoka mezani.

"Nyamaza wewe!"

Alitia unga kabla maji hayajachemka, ukawa uji. Akaongeza unga, ukawa madonge. Akaongeza maji ya kuyeyusha madonge, halafu unga wa kukausha maji, akaendelea hivyo mpaka sufuria ikajaa na mwiko ukasimama wenyewe katikati bila kushikwa. Mboga alizitia na vijiti vyake. Kifungo kimoja cha koti kilianguka humo, na akakitafuta kwa uma akipiga kelele za uchungu kwa Kikipsigis, lugha ambayo meza zote mbele zilielewa vizuri sana isipokuwa Joram, aliyeomba atafsiriwe.

Karibu saa nzima ilipita. Kimeli akatoka amejaa unga, nyusi za upande wa kulia zimeungua. Lakini sahani aliibeba juu ya vidole, mkono mwingine nyuma ya mgongo, akaitua kwa upande wa kushoto wa mkewe kama walivyomfundisha.

Sally alimega tonge. Alitafuna kwa muda mrefu.

"Imeiva?" Joram akauliza.

"Upande mmoja."

Hata hivyo aliendelea kula, bila haraka, kama mtu aliye likizoni. Alipomaliza alijipangusa mdomo, akamwita weita.

"Mpishi ni nani leo?"

Kimeli aliinama kidogo. "Ni mimi, mama."

"Mwambie ugali ni mbichi, lakini nimeshiba. Na mwambie pole ya moshi."

Watu walicheka mpaka wale wazee wawili wakaacha kukohoa. Kimeli hakucheka. Macho yalikuwa yanamchoma, na alikuwa anamtazama mkewe kama mtu aliyeuliza njia miaka mingi na leo ndiyo ameelekezwa. Ule ugali mwingine, ambao ungetosha shule ya bweni, uligawiwa kila meza, na waliokataa walisukumiwa na Joram.

Jumatatu Kimeli alivuka barabara mwenyewe kwenda dukani kwa Joram kununua mabati ya kutengeneza bomba la moshi, na fundi alipomaliza, dirisha likapanuliwa pia. Akaajiri msichana wa kumsaidia Sally, Abigael. Ile sentensi ya chini ubaoni ikafutwa, na Sally akaandika yake: ALHAMISI TU. ULIZA JIKONI KWANZA. Katekista aliuliza jikoni kwanza habari ya lile yai lake, na hakuuliza tena.

Kitu ambacho hakuna aliyekitarajia ni kwamba Alhamisi watu walianza kuitisha ugali wa Kimeli. Walitoka mpaka Kiptere kuja kumwona mzee wa meli akipigana na mwiko. Miezi miwili mitatu hoteli haikuwa na nafasi. Shida ni kwamba, kwa kusonga kila wiki, Kimeli alizoea. Madonge yakaisha, ugali ukashikana vizuri, mboga zikachambuliwa. Siku moja ya Machi, Joram alimega, akatafuna, akasukuma sahani mbele kwa hasira.

"Nini sasa?" Kimeli akauliza.

"Hii ni ugali ya kawaida. Kama ni hii si ningekula tu nyumbani?"

Kimeli alichukua sahani ile akakimbia nayo jikoni kumwonyesha Sally, kama mtu aliyepewa barua nyingine ya pongezi.