Ukuta Uliongojea Kamera Mpya

Kwa miaka kadhaa ya utu uzima wangu, nikiwa na akili timamu na cheti cha kidato cha nne kabatini, niliamini kwamba kampuni moja ya kamera huko Japani iko mbioni kutoa kamera ya kupiga picha ya jana. Unaielekeza ukutani, unabonyeza, na badala ya ukuta unampata mtu aliyewahi kuuegemea. Ukitaka wa wiki iliyopita unazungusha kitufe kidogo. Ukitaka wa zamani, unazungusha mpaka kidole kianze kuuma. Cheka tu. Mimi nilikuwa nimeshaamua hata kitufe chenyewe kitakaa upande gani.

Habari hiyo niliipata dukani. Nilikuwa, na bado niko, mpiga picha za paspoti katika duka la steshenari mjini, mtaa wa Chikongola: picha, fotokopi, laminesheni, barua za kuombea kazi. Kamera ya duka ilikuwa na mikwaruzo kama goti la mcheza mpira. Jioni nikifunga nilikwenda shule ya watu wazima, nikakaa dawati moja na mama aliyekuwa na wajukuu, na mwisho wa yote nikatoka na cheti, Kiingereza nikiwa na D. Lakini ilikuwa D yenye afya, D iliyoshiba. Kuanzia Chikongola mpaka mpakani hakuna D iliyoifikia.

Kwa D ile nikaanza kusoma tetesi za kamera mtandaoni. Sijui kama unaujua ulimwengu huo. Kuna watu wazima, wenye familia zao, ambao kazi yao ni kubashiri kampuni itatoa nini safari ijayo. Kampuni inaachia picha ya kivuli tu, umbo jeusi la kamera bila maelezo. Basi wale watu wanakipima kivuli kwa rula, wanahesabu vitufe, wanagombana wiki nzima kama kile kidude cha juu ni cha kuwashia au ni mahali pa kupachika flashi. Niliingia humo kama funza kwenye embe. Mimi, ambaye sijawahi kushika kamera mpya mpaka leo, nikawa nabishana na Wajerumani.

Aliyenikoleza ni mtani wangu. Yeye Mngoni wa Songea, mimi Mmakonde, na anayejua utani wetu anajua kwamba hapo hakuna breki. Alikuwa anaweza kuingia dukani, akakalia kiti changu, akawatangazia wateja kuwa babu yangu alikimbia vita akiwa amejifunga kanga ya bibi. Alifanya kazi bandarini, na kwa kuwa meli zinatoka kila upande, mimi niliona habari zote za dunia zinashukia kwake kwanza.

Siku moja nikamsomea habari ya kweli kabisa. Kampuni ile ilikuwa imetoa kamera inayoanza kunasa picha kabla hujabonyeza. Ukigusa tu kitufe inakuwa macho, na ukichelewa kubonyeza, yenyewe inakupa nusu sekunde iliyokwisha pita. Ilikusudiwa kwa wanaopiga picha za ndege wanaoruka ghafla.

"Nusu sekunde iliyokwisha pita?" mtani akauliza.

"Ndivyo walivyoandika."

"Sasa mtani, hesabu si hiyo hapo? Leo nusu sekunde. Toleo lijalo, dakika. Linalofuata, mwaka. Hao wameshafika mbali, wanatuficha tu." Akatazama mlangoni, akapunguza sauti. "Mabaharia wameniambia. Inayokuja inasoma mwanga uliolala ukutani. Mtu akiegemea ukuta anaacha mwanga wake pale, kama jasho kwenye kola."

"Acha bwana!"

"Niache nini? Kwani jasho lako haliko kwenye kola? Naliona kutoka hapa, Mmakonde wewe usiyefua."

Ya kola nikacheka. Ya mwanga nikaimeza nzima nzima, bila maji.

Niliimeza kwa sababu nilikuwa na ukuta.

Kwetu ni Kitaya, karibu na mto. Baba alifariki mimi nikiwa mtoto wa kutembea mtupu, na mdogo wangu wa kike akiwa bado tumboni. Hakuacha picha hata moja. Mama naye akamfuata tulipokuwa vijana, na mdogo wangu akabaki katika nyumba ile ya miti na udongo, akaolewa humo, akazaa humo. Watu wazima wa kijijini wakimwona walisema, "Huyu ni baba yake mtupu!" Naye huwauliza, "Wapi? Pua au macho?" Wanamjibu, "Vyote." Sasa vyote ndiyo nini? Mtu ukiambiwa unafanana na mtu usiyemjua, kila ukijitazama kwenye kioo unakuwa kama unamtafuta mwingine. Alitaka kuuona uso wa baba yake. Sijawahi kumsikia akitaka kitu kingine kwa namna ile, hata bati la nyumba.

Kati yetu wawili shahidi nilikuwa mimi peke yangu, na ushahidi wangu ulikuwa kumbukumbu moja. Mwanaume ameketi chini, ameegemea ukuta wa mbele wa nyumba yetu, miguu ameinyoosha, anasuka mgono wa kutegea samaki. Ameinamia kazi yake, kwa hiyo uso siuoni. Mdogo wangu aliniomba nimsimulie jambo hilo mara elfu kumi, na mimi, kwa maradhi yangu ya kunogesha, nililiongezea wimbo, halafu kikohozi, halafu harufu ya tumbaku. Yeye alikuwa akivipokea vyote, anaviweka.

Basi nikapanda gari nikaenda Kitaya. Nilimkuta amepata fedha za korosho, matofali yameshachomwa, saruji iko ndani. Ilikuwa ivunjwe ile ya udongo, palepale isimame ya matofali.

"Usivunje," nikamwambia.

"Kaka, mafundi wanakuja wiki ijayo. Nisivunje kwa nini?"

Nikamweleza. Nilieleza kwa mikono miwili, nikataja nusu sekunde, nikataja mwanga, mabaharia wangu nikawapandisha vyeo wakawa wahandisi. Aliniacha nimalize, kisha akaketi kwenye kizingiti.

"Itaonyesha uso?"

"Uso, masikio, mpaka kovu kama alikuwa nalo."

"Lini?"

"Hawa kila mwaka wanatoa kitu. Tetesi zinasema iko karibu."

Akaugeukia ukuta, akauangalia kama mtu anayetazama mlango uliobishwa hodi. Halafu akasema, "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Siku ile neno hilo lilinivimbisha kichwa. Siku hizi nikilikumbuka nikiwa nakula, huwa nasukuma sahani.

Tulikubaliana tusimwambie mtu. Kijiji kikisikia kwamba watu wawili wanangoja marehemu atokee ukutani, tungeletewa mganga kabla ya magharibi. Mafundi wakaambiwa fedha imepungua. Na mdogo wangu, ambaye akishika jambo amelishika, akaanza kuutunza ule ukuta kuliko wanawe. Akaujengea kivuli cha makuti ili mvua isiulambe. Watoto marufuku kuupiga mpira. Kisha akafikiri zaidi, akaona kwamba kama mtu huacha mwanga wake anapoegemea, basi kila mgeni anayeegemea anamfunika baba. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Shoga, usiegemee hapo!" alikuwa akiwaambia wanawake wenzake waliokuja kupiga soga na kumenya muhogo.

"Kwani kuna rangi?"

"Usiegemee tu. Kaeni kule kwenye mkeka."

"Ukuta wa udongo huo! Ungekuwa wa marumaru tungevua viatu barabarani."

Walicheka, wakahamia kwenye mkeka, na taratibu wakahamia nyumba nyingine. Ua uliokuwa na kelele tangu nipate akili ukabaki na kuku. Wakasema anajiona kwa sababu kaka yake yuko mjini. Niliyasikia hayo nikayaona ni maneno ya watu tu, yatapita, maana siku kamera ikitoka watajua. Mdogo wangu hakunilalamikia hata mara moja. Angenilalamikia, nadhani ningestuka mapema.

Kampuni nayo haikukaa kimya. Toleo la kwanza baada ya hapo likatoka: lilikuwa jepesi kidogo kuliko la zamani na mkanda wake mpya. Nikampigia simu nikamwambia hawa wanaanza na mkanda, mambo makubwa huja baadaye. La pili likatoka, linaona gizani kama paka.

"Umesikia? Gizani!" nikamwambia.

"Ya jana je?"

"Si ndiyo hatua hiyo! Jana nayo si giza?"

"Sawa kaka. Huku mvua zimeanza."

Mvua za mwaka ule ziliingia ndani kwa upande wa nyuma, ambao haukuwa na kivuli cha makuti. Saruji ikanyonya unyevu na kuganda ndani ya mifuko yake, ikawa mawe yenye umbo la mito ya kulalia. Ukizipasua karatasi unakuta jiwe lenye mikunjo ya mfuko. Mdogo wangu akayapanga uani, watoto wakawa wanayakalia. Nilipoyaona nilifanya mzaha, nikasema hakuna kijiji kingine Tanzania chenye makochi ya saruji. Akacheka ili nisione haya. Binti yake mkubwa alikuwa anachota maji chumbani kwa beseni.

Nikarudi mjini nikamsimulia mtani, kwa maana ya kumharakisha. Nilitaka awaulize mabaharia wake vizuri. Alianza kucheka nilipofika kwenye kivuli cha makuti, akapiga meza, akawaita wateja waje wamwone Mmakonde. Nilipofika kwenye mawe ya saruji alikuwa hacheki tena.

"Mtani," akasema, "mimi ni mtani wako."

"Najua."

"Hujui. Mngoni akikwambia kitu dukani kwako mchana wote huu, ukakibeba mpaka Kitaya? Ukakijengea na paa juu?" Akavua kofia, akaishika. "Yule ni dada yako. Na kwangu ni mtani vilevile, lakini utani una mahali pake. Nenda kamwambie."

Nilikwenda, tena palepale. Nilimwambia yote, mabaharia hawapo, wahandisi ni mimi niliyewatunga, mwanga haulali ukutani.

Akasikiliza. "Na ile nusu sekunde nayo ni utani?"

"Hapana. Ile ni kweli. Nimeisoma."

"Basi ipo," akasema. "Hata kama ni ndogo, ipo."

Nilijaribu kila njia. D yangu yote niliimaliza pale uani, nikimfafanulia kwamba kamera ile hukumbuka tu kile ilichokuwa inakitazama yenyewe, kwamba hata ikikuzwa namna gani haiwezi kukumbuka mahali ambapo haikuwepo. Ajabu ni kwamba uongo wangu aliuelewa mara moja, na ukweli ukamshinda kuingia. Nadhani uongo niliusema kwa furaha, na ukweli niliusema kwa kigugumizi.

Kilichouangusha ukuta ni unyago. Binti yake alikuwa anakaribia kutolewa, wageni watakuja na ngoma zao, na ndugu hawawezi kulazwa penye dimbwi. Akauza korosho za msimu uliofuata, akanunua saruji nyingine, akaniita.

"Kabla hawajavunja, njoo uupige picha. Wote. Kama hao Wajapani watakuja kukiweza hicho kitu siku moja, huenda wataweza kwenye picha pia."

Nikaiomba kamera ya duka. Niliupiga ukuta ule kama nisivyowahi kumpiga bwana harusi: mbele, pembeni, kipande kwa kipande, mpaka nyufa. Mwishoni nikamwambia, "Simama hapo basi, nikutoe na wewe."

"Hapana," akasema. "Nitamziba."

Wanadamu wote niliowapiga picha, na nimewapiga wengi kuliko mchanga wa Mikindani, hakuna aliyewahi kunijibu hivyo. Mafundi wakaanza na nyundo. Udongo ulianguka bila kelele kubwa.

Nyumba mpya ilikwisha na bati lake, mwali akatolewa, ua ukajaa tena watu, ingawa wale mashoga wa zamani walikaa kwa adabu sana, kama wageni, hakuna aliyeegemea kitu. Sebuleni mdogo wangu alikuwa ametundika picha moja tu. Niliichapa kubwa mimi mwenyewe, nikaitia fremu: ukuta wa udongo, hakuna mtu.

Siku ya pili ya sherehe mama yetu mdogo, aliyeshuka kutoka Newala kwa ajili ya mwali, aliingia sebuleni na kikombe chake cha chai. Akaisogelea picha, akaiangalia, akatuangalia sisi.

"Hii mmetundika ya nini? Haina mtu."

Mdogo wangu akamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kumweleza mtu mwingine, na alieleza vizuri kuliko mimi: baba, mgono, miguu iliyonyooshwa, hata wimbo na kikohozi. Akasema hiyo ndiyo picha ya baba tuliyonayo.

Mama mdogo akaweka kikombe mezani.

"Wanangu," akasema, "baba yenu huo ukuta hakuuona. Nyumba aliyofia ilichukuliwa na mto masika yaleyale. Hii ya udongo tuliijenga baada ya arobaini yake, udongo nimeukanda mimi kwa miguu hii, mama yenu ana mimba hawezi kuinama. Na baba yenu hakujua kusuka mgono. Aliyekuwa akikaa pale ni mjomba wenu."