Injini ya Mama Mkwe

Ouma hakuwahi kukubali kwamba kuna injini iliyomshinda. Pale stegi ya matatu ya Kawangware 56, Nairobi, ambako kibanda chake kimebanana na duka la Muia la vyuma chakavu, husema injini ni kama mtoto mchanga: ikilia, ama ina njaa ama imejichafua. Basi injini ya boti, kuukuu, rangi imebanduka, ilipofika kwa basi kutoka ziwani, alicheka. Kicheko kilikauka alipomwona mwenye injini akishuka nyuma yake. Alikuwa mama mkwe.

Wajaluo na heshima zao! Mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawakai karibu, hawaongei ana kwa ana. Mama alilala kwa dada yake, mtaa wa Kambi Muru, na asubuhi akaketi ng'ambo ya njia, uso kando, bintiye Amondi akiwa katikati kupeleka maneno. Injini hiyo, aliyokuwa akiwakodishia wavuvi, ndiyo ilimlisha tangu awe mjane. Ikirudi mbovu, ukoo mzima ungejua Amondi ameolewa na fundi wa mdomo.

Ouma aliifunga kwenye pipa la maji, akavuta kamba. Ikanguruma vizuri, kisha ikakohoa, ikazima. Akafungua tangi: petroli ipo. Akaingia kibandani kusafisha chujio, akarudi, akavuta. Ikanguruma.

"Mwambie mama ni chujio," akasema kwa sauti ya kuvuka njia.

Ikazima. Akafungua tangi tena, akaingia na kabureta, akaisafisha, akairudisha. Ikanguruma, ikazima.

"Buda, niletee hiyo kitu nipime kwa kilo," Muia akamwambia.

Asichojua Ouma ni kwamba kila akiingia kibandani, mama mkwe alivuka njia kulifunga tangi lisiingie vumbi. Alitandika karatasi ya nailoni mdomoni, kama alivyozoea tangu huko ziwani, kisha akakaza kifuniko, jinsi kila mtu anavyofunga mtungi wa mafuta ya kupikia. Ouma alikuwa ameiona hiyo karatasi, akaona ni usafi tu.

Mara ya tatu aliutazama mpira wa kupampu kwenye bomba la mafuta. Ulikuwa umenyonywa bapa. Akalegeza kifuniko, tangi likavuta hewa kwa mluzi, na injini iliyokuwa inakufa ikafufuka. Kifuniko kina kitundu cha kuingiza hewa ili petroli itoke, na karatasi ilikuwa imekiziba.

Akatupa jicho ng'ambo ya njia. Amwambie mama mkwe, mbele ya stegi nzima, kwamba ndiye anayeinyonga injini yake? Akaificha karatasi mfukoni.

"Mwambie mama ilikuwa kabureta. Imepona."

Injini ikanguruma hadi maji ya pipa yakapata moto. Mama mkwe alifurahi, akamsifu mkwewe kupitia Amondi. Wakati wa kufungasha, akatoa karatasi nyingine kwenye leso, akaanza kuitandika kwenye tangi.

Ouma alivumilia mpaka ikamshinda.

"Amondi, mwambie mama... hiyo karatasi ndiyo inaziba hewa. Ndiyo ilikuwa shida."

Mama mkwe hakungoja ujumbe. Aliichomoa karatasi, akaikunja polepole, uso bado kando.

"Amondi, muulize bwana yako. Wavuvi wangu wangezimikiwa katikati ya ziwa juu ya heshima yake?"

Amondi akafungua mdomo kupeleka swali.

"Pole, mama," Ouma akajibu mwenyewe, moja kwa moja.

Mama mkwe akajifunika uso kwa leso, lakini mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.