Nguo ya Mama ya Kulalia Ndegeni

Mama alipoambiwa kwamba kwenye ndege atapewa kiti kinachonyooka kikawa kitanda, hakuuliza kama ndege huanguka. Aliuliza atalala na nguo gani, na ni akina nani watakaokuwa wakimtazama.

Kaka yangu ndiye aliyemkatia tiketi hiyo ya mbele. Yeye anaishi Kanada. Mimi ndiye kitindamimba, niliyebaki na mama kwenye nyumba yetu ya zamani mtaani Mbotela. Miguu ya mama ilikuwa ikivimba akikaa kitako kwa muda mrefu, na daktari alisema asithubutu safari ndefu bila kuinyoosha. Kwa hiyo mpango ulikuwa mama akae mbele na wakubwa, na mimi wa kumsindikiza nikae nyuma kwenye kubanana. Mama aliona hilo ni sawa kabisa. "Utakuja kuniamkia asubuhi," aliniambia, utadhani nitakuwa natoka chumba cha pili.

Kuamkia kwetu lilikuwa jambo zito. Nje mtaani watu husalimiana sasa, mambo, niaje, na mimi pia nikiwa nje nasema hivyo hivyo. Ukishavuka kizingiti cha mama ilikuwa ni shikamoo, na yeye hakumkawizia mtu marahaba yake. Kaka alikuwa akipiga simu, anasema shikamoo, kisha mtandao unakatika. Mama alikuwa anahangaika na simu mpaka ampate tena, anasema "Marahaba, mwanangu," halafu anakata. Hakuwa na neno lingine. Alitaka tu salamu ya mwanawe isibaki inaning'inia huko hewani.

Mambo ya kulala mbele ya watu aliyajua kuliko wanaopanda ndege kila mwezi. Nyumba yetu ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na tangu nizaliwe sikumbuki usiku ambao hatukuwa na mgeni kutoka Mombasa aliyelala kwenye kochi. Mama alikuwa na sheria zake. Huvuti pazia kabla hujakohoa na kusubiri uambiwe pita. Mwenzako akiamka kujistiri, unageuza uso ukutani hata kama huna usingizi. Na hulali na nguo ambayo hutaki kukutwa nayo, kwa sababu hujui ni nani atakayekuja kukuamsha.

Jirani yetu wa ukuta mmoja, mama mmoja wa Kakamega anayeuza nguo za mitumba, alijaribu kumtisha.

"Huko mbele watu wanalala tu hivyo, mama. Mwanaume hapa, wewe hapa, mnaangaliana."

"Nimelala mbele ya watu maisha yangu yote," mama akamjibu. "Tofauti ni kwamba hawa siwajui majina."

Wakaenda pamoja Kariobangi kwa fundi. Mama alichagua kitambaa cha pamba, kijani na maua meupe, akataka mikono mirefu, shingo isiyofunguka, na upana wa kugeuka bila nguo kupanda. Halafu akadai mifuko miwili, mmoja wa tasbihi na mmoja wa simu. Fundi alicheka sana. "Mathe, na hii design, hiyo ndege yote itaomba kupiga picha na wewe," akamwambia. Mama akamjibu ashone, awache maneno mengi.

Ilipoletwa nyumbani, wanawake wa mtaa walikuja kuiona kama wanaokuja kuona mtoto mchanga. Mama aliivaa, nikampiga picha, nikamtumia kaka. Baadaye akafanya mazoezi. Alijinyoosha kwenye kochi na nguo yake, mimi nikawa abiria wa kupita pale, nikaambiwa nipite tena, polepole, na nimwambie kama kisigino kinaonekana. Kilionekana. Akaninunia mimi, kana kwamba kisigino ni changu. Aliporidhika, aliitandaza ile nguo juu ya chetezo, akaifukiza udi mpaka chumba kizima kikajaa moshi na jirani akaanza kupiga chafya ukutani. Kisha akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga kwa fundo ambalo mimi singeweza kulifungua bila meno.

Mama hakuwa na desturi ya kulala mchana. Kwake huo ulikuwa usingizi wa wagonjwa na wavivu. Mimi nikijilaza Jumamosi alikuwa anakuja kufagia chini ya kochi, anagonga miguu ya kochi kwa fagio kama bahati mbaya, mpaka niamke mwenyewe. Mchana ule, siku chache kabla ya safari, baada ya swala ya adhuhuri alisema, "Hebu nijinyooshe kidogo." Nilimcheka. Nikamwambia leo fagio ninalo mimi. Nikatoka kuanika nguo.

Nikiwa kwenye kamba nilisikia simu yake ikilia mlio wa ujumbe. Nilijua ni kaka, kwa kuwa ndio saa zake za kuamka huko. Niliporudi ndani nilikohoa kwenye pazia, nikasubiri. Nikakohoa tena. Alikuwa amelala kwa ubavu, gauni lake la nyumbani limefunika miguu mpaka visigino, simu iko karibu na mkono wake. Ujumbe ulikuwa wa sauti, na haukuwa umefunguliwa. Nilipoufungua baadaye, ulianza kwa shikamoo.

Tulimzika kesho yake, kama ilivyo kwetu. Kaka hakuweza kuja. Karatasi zake za kule zilikuwa bado hazijakamilika, na angetoka asingeruhusiwa kurudi. Alilia kwenye simu kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tukiwa watoto. Jambo alilolirudia, siku hiyo na siku zilizofuata, halikuwa kwamba hakumwona mama akizikwa. Alikuwa akisema, "Shikamoo yangu haikuitikiwa." Nilimwambia mama alikuwa akimsikia. Akaniuliza nimejuaje.

Ndipo akaniambia niende mimi, kwamba ameshalipia nihamishiwe kiti kile kile alichomchagulia mama karibu na dirisha. "Na ile nguo uniletee. Usiifue. Usifungue huo mfuko. Nataka nifungue mimi." Nikamwahidi.

Siku zilizobaki nyumbani zilikuwa mbaya, na sitajifanya jasiri. Nilikuwa nikikohoa kabla ya kuvuta pazia, na nyuma yake hakuna mtu. Kibaya zaidi, nilikuwa nikisubiri. Nasimama pale na kikombe cha chai mkononi, nasubiri niambiwe pita, na mara nyingine nilihisi kabisa kwamba kuna mtu anayefikiri kama aniruhusu au la. Harufu ya udi ilikuwa inanijia karibu na kochi bila mtu kuwasha chochote. Jirani alikuja kulala na mimi. Naye aliinusa, ila hakuniambia mpaka kulipokucha.

Sasa nikajikuta huko mbele, kwenye ndege ya pili, ile ya safari ndefu. Mhudumu aliniletea pajama za kijivu, suruali na fulana, na watu wazima wenye pesa zao wakaenda chooni kwa zamu, wakarudi wote wamefanana kama wanafunzi wa bweni. Nilivaa zangu, nikajifunga leso juu ya suruali, maana kuna mambo ambayo mtu wa Mbotela hawezi kuyafanya hata akiwa juu ya mawingu. Mwanaume mmoja alining'iniza mguu wake, bila soksi, kwenye njia ya kupita. Mwingine alikoroma na kinywa wazi huku kompyuta yake ikiimba. Nikawaza, hawa wote wangeishi na mama kwa wiki moja, wangeshika adabu. Nilipokwenda chooni nilifika kwenye pazia la sehemu yetu, nikakohoa, nikasubiri. Wahudumu wawili waliokuwa upande wa pili wakanitazama. Mmoja akaniuliza kama nataka maji.

Halafu wakafunga madirisha. Nje kulikuwa mchana kweupe, jua linawaka, lakini wao waliamua ni usiku, wakazima taa. Kila mtu akajinyoosha akalala. Mimi nilikataa. Nilikaa wima kwenye kitanda cha mama nikiwa nimeshika kingo zake kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeshaona usingizi wa mchana unavyofanya.

Ndipo nikasikia mtu akikohoa. Kikohozi kidogo, cha mtu mzima, kile cha kuuliza kama inafaa kupita. Nilisema "Pita" kabla sijafikiri, kwa Kiswahili, kwa sauti.

Alikuwa bibi mzee wa Kihabeshi aliyekaa upande wa pili wa njia, mwenye gauni refu jeupe na shuka jembamba jeupe mabegani. Tulikuwa tumechekeana wakati wa chakula, kwa kuwa hakuna lugha tuliyoshirikiana. Kiti chake kilikuwa kimelala chote na hakujua kitufe cha kukiinua. Alikuwa amehangaika peke yake, hakutaka kuita mtu, na mwisho alishindwa kujizuia. Gauni lilikuwa limelowa. Alijifunika blanketi mpaka kidevuni na alikuwa akinitazama mimi tu, katika ndege nzima.

Mhudumu alikuja, msichana mwema, akainamia sikio lake, akamletea pajama za kijivu. Bibi akatazama ile suruali, akatikisa kichwa. Akaletewa nyingine kubwa zaidi. Akatikisa kichwa, akafumba macho, na machozi yakaanza kushuka. Sanduku lake lilikuwa chini kwa mizigo. Mwanaume wa mbele akageuka kuchungulia kuna nini.

Nilikasirika. Nilimkasirikia yule mwanaume, na watu waliotengeneza kitufe, na zaidi ya wote nilimkasirikia mama. Mfuko ulikuwa juu ya kichwa changu, kwenye kabati la mizigo, na nilijua kabisa angefanya nini. Asingefikiri hata kidogo. Angekuwa ameshasimama. Nikamwambia kimoyomoyo kwamba nimeahidi, kwamba mwanao ana kitu hiki kimoja tu, na kwamba wewe umeshaondoka huna haki ya kunisumbua. Bibi akakohoa tena, kidogo.

Nililifungua lile fundo kwa meno.

Udi ulitoka wote kwa mara moja. Watu waligeuka usingizini. Mimi na mhudumu tulimpeleka bibi chooni, tukasimama mlangoni na blanketi kama pazia, na nikageuza uso kama nilivyofundishwa. Alipotoka, ilimkaa. Urefu ule ule, upana ule ule. Alitangulia kwenye njia yenye giza akishika viti kwa mkono mmoja, na mkono mwingine ameutia mfukoni, na kwa nyuma alikuwa ni mama anayekwenda kulala. Nilisimama pale nikalia bila sauti. Niliogopa, na sikutaka afike kwenye kiti.

Alilala. Kisigino kilionekana, nikamfunika. Baada ya hapo na mimi nikalala, mchana ule ule, na niliamka.

Tulipotua nilitaka kumwomba anirudishie, kweli nilitaka. Lakini angevaa nini? Gauni lake lilikuwa limefungwa kwenye ule mfuko wa plastiki wa mama. Walimletea kiti cha magurudumu, akanishika mashavu yote mawili, wakamtoa wa kwanza. Mimi nilibaki nikijibu maswali ya maafisa, nikipanga maneno ya kumwambia kaka. Yote yalikuwa mabaya.

Nilipotoka nilimkuta amesimama katikati ya watu, koti zito limening'inia mkononi. Hakunikumbatia. Alikuwa anatazama upande mwingine.

"Mama amepita hapa," akasema.

"Kaka, ngoja nikueleze."

"Ile nguo. Picha yake ninayo, naitazama kila siku. Amesukumwa, amepita hapa karibu yangu, na udi wake. Nimesimama tu kama mti. Sikumwamkia."

Nilimweleza yote pale pale, haraka, bibi na suruali na fundo. Sijui alisikia kiasi gani. Alichouliza ni ameelekea wapi. Tukaacha sanduku langu, tukaenda karibu mbio, mpaka kwenye milango ya kioo ya kutokea nje. Bibi alikuwa hapo kwenye kiti chake, msichana wa kwao anamfunika miguu kwa koti. Ile kijani ilikuwa inaonekana kifuani.

Kaka alipunguza mwendo. Akaenda mbele yake, akainama, mtu mzima mwenye mvi zake, na sauti yake ikatoka ndogo.

"Shikamoo, mama."

Bibi akamtazama. Akatabasamu, akamtazama msichana wake, na msichana naye hakuelewa. Akampa kaka mkono. Kaka aliushika, akabaki ameinama vile vile, akisubiri. Milango ilikuwa inafunguka na kujifunga, na baridi inaingia.

Mimi ni mdogo wake. Maisha yangu yote mimi ndiye ninayemwamkia yeye, na kuipokea salamu ile kutoka kwake ni utovu wa adabu ambao mama angenifinya kwa ajili yake. Nilisimama nyuma ya kiti. Nikakohoa.

"Marahaba, mwanangu," nikasema.

Hakuinua kichwa kutazama ni nani aliyejibu.